Rangi ya Kijisanamu Hupimwa Mezani

Kijisanamu cha mchezo wa vita wa mezani, kile kiaskari cha plastiki, resini au chuma, kina watazamaji wawili. Wa kwanza ni wewe uliyekishika karibu na macho, taa imekimulika, ukihesabu vifungo vya koti lake. Wa pili ni mchezaji aliyesimama upande wa pili wa meza. Yeye anakiona kimebanwa kati ya magofu ya kiwanda na kifaru kilichoungua, na anataka kujua haraka yule ni nani na ameshika silaha gani. Nimepaka rangi na kucheza kwa miaka mingi michezo ya vita vya sayari za mbali, maroboti makubwa na walowezi wa anga, na kila ninaposhika brashi namfikiria kwanza huyo mtazamaji wa pili. Mengi niliyojifunza yametokana na kumfikiria yeye.

Hesabu yake ni rahisi. Vijisanamu vingi vya michezo hii viko katika kipimo kinachoitwa milimita 28. Mtu mwenye urefu wa mita 1.7 akipunguzwa hadi milimita 28 amepunguzwa takriban mara 60. Mchezaji aliyesimama kando ya meza hukitazama kijisanamu kutoka sentimita 60 hivi, mara nyingi zaidi ya hapo. Zidisha kwa 60: ni sawa na kumtazama mtu halisi aliye mita 36 mbele yako. Kwa umbali huo huoni kope zake wala herufi za beji yake. Unaona umbo lake, rangi kuu ya nguo, mahali mwanga ulipoangukia bega lake, na upande anakoelekeza bunduki. Hayo manne ndiyo yanayofika ng'ambo ya meza, na mimi huyapa sehemu kubwa ya muda wangu kabla sijagusa kitu kingine.

Ndiyo maana wapakaji hutia chumvi. Mkunjo wa nguo kwenye kijisanamu una kina cha sehemu ndogo ya milimita, na mwanga wa chumbani hutoka dirishani, darini na ukutani kwa pamoja, hivyo hautengenezi kivuli kikali cha kuusaidia. Jicho huupita mkunjo huo bila kuuona. Kazi ya mpakaji ni kukipaka kivuli chenyewe: rangi nyeusi zaidi ndani ya mkunjo, nyeupe zaidi juu ya ukingo, kwa tofauti ambayo ukiwa karibu unaiona imezidi. Mtu anayeanza huogopa hapa. Hupaka bluu, akaongeza bluu iliyokolea kidogo, akamaliza na bluu iliyopauka kidogo, na akikiweka mezani zote tatu zinakuwa bluu moja. Namwambia aende mbali zaidi pande zote mbili, kivuli karibu na nyeusi, mwanga karibu na nyeupe, kisha arudi nyuma hatua mbili atazame tena.

Njia ninayoipenda ya kupata tofauti hiyo mapema ni ya kuanzia na mwanga wa juu. Kijisanamu chote hupigwa praima nyeusi, yaani rangi ya msingi inayoshikisha nyingine, kisha kijivu kutoka ubavuni kwa juu, kisha nyeupe kutoka utosini tu, kana kwamba jua liko moja kwa moja juu yake. Kabla hujafungua kichupa cha rangi tayari unaona uso uko wapi na kivuli kiko wapi. Juu ya hapo unapitisha rangi nyembamba inayoacha ile ya chini ionekane. Mwaka 2019 Games Workshop, kampuni ya Uingereza ya vijisanamu, walitoa rangi zao za Contrast, ambazo hutiririka na kukusanyika kwenye mabonde huku zikiacha vilima vikiwa vyepesi, na watengenezaji wengine nao wanazo za aina hiyo. Kwa ngozi ya viumbe wa sayari nyingine, kwa manyoya, kwa makoti yaliyochakaa, sijaona njia ya haraka inayoshinda hiyo. Kwa bamba pana la kifaru au paja la roboti sizitumii, maana rangi haina bonde la kukimbilia na hukauka ikiacha madoa.

Kuhusu maandalizi nitasema machache. Plastiki ngumu huunganishwa kwa gundi yake maalumu inayoyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Chuma na resini huhitaji gundi kali ya kukausha haraka, na mkono mzito wa chuma huhitaji pia kutobolewa na kutiwa kijiti cha waya ndani, la sivyo utang'oka kila ukisafirishwa. Vipande vya resini vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu mafuta ya kalibu hubaki juu yake na kuizuia rangi kushika. Na unapoipiga msasa, loweka msasa huo na uvae barakoa, maana vumbi la resini si la kuvutwa. Vijisanamu vya zamani vya chuma aghalabu vina madini ya risasi. Ukivishika, nawa mikono.

Halafu kuna mshono wa kalibu, ule mstari mwembamba unaopita ubavuni mwa kijisanamu mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ukwangue wote kwa mgongo wa kisu. Wengi huuacha wakidhani rangi itaufunika, lakini mbinu zetu karibu zote hutafuta kingo: brashi kavu, iliyofutwa rangi karibu yote, hugusa kilichoinuka, rangi ya kivuli hutulia palipozama. Mshono uliokuwa hauonekani kwenye plastiki ya kijivu utang'aa katikati ya kofia kama kovu.

Rangi yenyewe ya akriliki ipakwe nyembamba, tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Nene hufunika michongo ambayo mchongaji aliihangaikia. Paleti nyevu husaidia sana: kisanduku kifupi, sifongo lililoloa, na karatasi ya kuokea juu yake. Rangi hukaa saa nyingi bila kukauka, na mchanganyiko ulioupata kwa bahati hauupotezi ukiamka kunyoosha mgongo. Njano na nyekundu zinataka subira ya pekee. Chembe za rangi nyingi za njano hupitisha mwanga, kwa hiyo njano juu ya nyeusi hugeuka uchafu wa kijani. Ianzie kwenye rangi ya mchanga au waridi, nayo itang'aa. Nyekundu nayo ukitaka kuiangaza usiichanganye na nyeupe, maana utapata waridi. Ichanganye na chungwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonipendeza kuliko yote katika michezo hii ya bunilizi ya kisayansi. Anayepaka majeshi ya kihistoria ana sare za kufuata: rangi ya koti, rangi ya ukosi, idadi ya vifungo. Sisi hatuna. Hakuna aliyewahi kuvaa vazi la kuzuia mionzi katika mwezi wa tatu wa sayari yenye jua jekundu. Uhuru huo ni mtamu, na ndio unaowafanya wengi wakwame, kwa sababu kila rangi inaruhusiwa. Nimejifunza kuanza na sayari kabla ya askari. Najiuliza ardhi ya huko ni ya rangi gani, kuna mvua au vumbi, watu wake ni matajiri au wanaishi kwa kubahatisha vipuri. Sayari ya barafu yenye anga ya kijivu inaniambia kwamba kikosi cha uokoaji kitavaa chungwa, kwa sababu aliyevaa nyeupe akianguka hatapatikana. Sayari ya machimbo inaniambia njano na nyeusi za tahadhari, zilizochubuka. Jibu moja kama hilo huamua rangi ya jeshi zima, na ukiulizwa kwa nini umechagua hivyo una la kusema.

Baada ya hapo najizuia: rangi kuu moja, ya kusaidiana nayo moja, na ya tatu kwa sehemu ndogo sana ambayo jicho lisiikose. Hiyo ya tatu mimi huiweka karibu na uso au kwenye silaha, maana ndiko mtazamaji wa ng'ambo anakotafuta. Kabla sijapaka kikosi kizima napaka mmoja, nampiga picha kwa simu, na kuiondolea picha rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kama kofia, koti na bunduki vimegeuka kijivu cha namna moja, basi mezani navyo vitachanganyika, hata kama rangi zenyewe ni tofauti kabisa. Jaribio hili huchukua dakika moja na limebadilisha majeshi yangu kuliko brashi yoyote ya bei kubwa.

Ardhi ya sayari hiyo hurudi kwenye kitako. Kitako ni kile kisahani kinachokishikilia kijisanamu, na ukitazama meza kutoka juu utaona kwamba kinachukua nafasi kubwa kuliko askari mwenyewe. Mchanga, vipande vya gome vinavyofanana na miamba, mabaki ya waya, vyote vinafaa. Kinachoshikamanisha ni vumbi: rangi ileile uliyoipaka ardhini ipande kidogo kwenye buti na pindo la koti, kwa brashi kavu. Hapo askari anakuwa amesimama mahali fulani kweli. Ukingo wa kitako upake rangi moja tu, nyeusi au kahawia, kwa jeshi zima. Huo ukingo safi ndio unaowaunganisha askari ambao pengine uliwapaka misimu tofauti, mkono wako ukiwa umebadilika.

Uchafu na kutu vina sababu zake pia, na katika mashine za kubuni sababu hizo ndizo zinazomfanya mtu aamini. Kabla ya kuchukua kipande cha sifongo na kudonoa rangi ya kahawia iliyokolea kwenye kingo, najiuliza rubani anapandia wapi. Hapo ndipo rangi itakapochubuka: kwenye vidato, kwenye mpini wa mlango, kwenye ukingo wa kifuniko kinachofunguliwa kila siku. Masizi yatakuwa nyuma ya bomba la moshi na kwenye mdomo wa mzinga. Mchirizi wa kutu utashuka kutoka kwenye skrubu, wima, kwa sababu maji hushuka. Tope litakuwa chini na litapungua kadiri unavyopanda. Roboti ya mita 12 iliyochafuliwa kila mahali kwa usawa haina historia. Yenye goti moja lililochubuka hadi chuma imepiga goti mahali fulani, na mchezaji mwenzako ataliona goti hilo.

Kuna pia mwanga wa silaha na injini, ule mng'ao wa bluu au kijani unaoangukia uso wa aliyeshika bunduki. Unavutia wengi na unaharibika kirahisi. Sheria zinazoniongoza ni hizi: chanzo chenyewe lazima kiwe sehemu angavu kuliko zote, karibu na nyeupe katikati, mwanga hupungua upesi unapoondoka kwenye chanzo, na unagusa tu nyuso zinazokitazama chanzo hicho. Ukitaka kujua wapi pa kupaka, sogeza jicho lako mahali ilipo silaha: usichokiona kutoka hapo, mwanga nao haukifikii. Na kinachozunguka kiwe giza. Mng'ao juu ya koti jeupe hauonekani kabisa.

Nimezungumza sana juu ya brashi, lakini mezani ndiko nilikojifunza kwa nini yote haya yana maana.

Mchezo wa Warhammer 40,000 ulitoka Uingereza mwaka 1987, ukitumia dadu za kawaida za pande 6 na kupima mwendo kwa inchi, na mpaka leo michezo mingi ya jamii hii inafuata mtindo huo. Unarusha kuona kama umelenga, unarusha kuona kama umejeruhi, kisha mwenzako anarusha kuona kama deraya imezuia. Wageni huona bahati tupu. Ukikaa na mchezo muda unaona hesabu. Tuseme kikosi changu kina risasi 12, nalenga kwa 3 au zaidi: 8 zinapata. Najeruhi kwa 4 au zaidi: zimebaki 4. Deraya ya mwenzangu inazuia kwa 4 au zaidi: wanaanguka 2. Askari haohao wakiwa nyuma ya ukuta, katika baadhi ya michezo kinga yao hupanda daraja moja na kuzuia kwa 3 au zaidi, nao wanaoanguka wanakuwa mmoja na theluthi kwa wastani. Ukuta mmoja umeokoa theluthi ya majeruhi. Tangu nilipoanza kufanya hesabu hizi kichwani sijaacha tena kikosi wazi bila sababu, na dadu mbaya haziniumizi, maana najua zilikuwa mbaya kiasi gani.

BattleTech, mchezo wa Marekani wa maroboti makubwa ulioanza mwaka 1984, hufundisha hesabu ya namna nyingine. Huko unarusha dadu mbili na kujumlisha, na jumla haziji kwa usawa. Katika michanganyiko 36, 7 hutokea mara 6, lakini 12 mara moja tu. Ukihitaji 8 au zaidi una nafasi 15 kati ya 36. Ukihitaji 9 au zaidi zinabaki 10. Msitu mbele ya adui, ukipandisha namba unayohitaji kwa hatua moja tu, umekunyang'anya theluthi ya nafasi yako. Ukihitaji 11 una 3 tu. Tena roboti zile hupata joto kila zinapofyatua na kukimbia, kwa hiyo swali la kila zamu ni kama risasi yenye nafasi 3 kati ya 36 inastahili joto lake. Mara nyingi haistahili. Huo ndio mchezo ulionifundisha kuacha kufyatua.

Somo lililo gumu zaidi kwa mchezaji mpya ni kwamba kuua si kushinda. Michezo mingi ya sasa hutoa alama kwa kushikilia sehemu fulani za meza: mtambo wa umeme, sanduku la data, eneo la kutua chombo cha anga. Nimeona majeshi yakifyekwa hadi wakabaki askari watatu, na hao watatu wakashinda kwa sababu walikuwa wamesimama mahali panapotakiwa katika zamu ya mwisho. Ukilielewa hili unaanza kupenda vikosi duni, wale wapiga mbio wasio na silaha kubwa, na unawapa rangi kwa heshima ileile unayompa kamanda. Kamanda wangu huonekana. Wapiga mbio wangu hushinda.

Na meza yenyewe ni nusu ya mchezo. Meza tupu humpa ushindi mwenye bunduki ndefu. Hakuna ujanja unaoweza kulirekebisha hilo. Mimi hutaka magofu, makontena na mabomba ya kutosha kiasi kwamba hakuna pembe inayoiona meza yote, na katikati pawepo angalau kitu kimoja kirefu kinachokata mtazamo. Hapa bunilizi ya kisayansi ni karimu kuliko zote, kwa sababu takataka za viwandani tayari zina umbo la wakati ujao. Povu la plastiki lililofungia vifaa vya umeme lina mapango na matuta ambayo ukiyapaka kijivu na kuyapitia kwa brashi kavu yanakuwa kituo cha anga. Vifuniko vya chupa ni matangi. Pakiti tupu za vidonge ni safu za taa. Bodi ya redio iliyokufa ni mji ukiutazama kutoka juu. Tahadhari moja: povu lipakwe kwanza kwa gundi nyeupe au rangi ya maji, maana praima ya kopo la kupuliza hulitafuna.

Ukubwa wa mchezo uchaguliwe na mpakaji aliye ndani yako, si na mchezaji peke yake. Jeshi kubwa linaweza kuwa na vijisanamu 60 au 100, na vyote vinangoja brashi. Kuna michezo ya vikosi vidogo, kama Infinity inayotoka Hispania, au Stargrave ambayo inaruhusu vijisanamu vya kampuni yoyote ile, ambako watu 10 hivi wanatosha kwa jioni nzima. Kwa anayependa kumpa kila askari uso wake, huko ndiko nyumbani. Mimi nina majeshi makubwa na vikosi vidogo, na nimeona kwamba vile vidogo ndivyo vinavyokamilika, na kinachokamilika ndicho kinachochezwa.

Kucheza kumebadilisha pia namna ninavyopaka. Katika vita vya vikosi vitatu vya askari wanaofanana, mwenzako anahitaji kujua kikosi kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, kwa hiyo kila kikosi changu kina mstari wa rangi yake begani. Kiongozi ana kofia ya rangi tofauti. Mwenye silaha nzito nampa mng'ao au rangi inayomtenga, maana si haki mtu apoteze kifaru kwa bunduki ambayo hakuweza kuiona. Silaha zinazobadilishwa nazitia sumaku ndogo za neodimiamu kwenye bega, nikihakikisha ncha ya kaskazini inatazama upande uleule kwa jeshi zima ili mkono wowote ukae kwenye mwili wowote. Na kila kinachokwenda mezani kinapata vanishi: ya kung'aa kwanza kwa ugumu, kisha isiyong'aa juu yake ili macho yasidanganywe. Siku yenye unyevu mwingi hewani nauacha mkebe wa kupuliza kabatini. Vanishi isiyong'aa hukamata unyevu huo na kuacha ukungu mweupe juu ya kila kitu, basi nachukua ya brashi.

Kwa upande wa kucheza na mtu, desturi moja imenipa marafiki wengi: kusema nia yangu kwa sauti. "Namsogeza huyu nyuma ya bomba ili mlenga shabaha wako asimwone. Tunakubaliana hamwoni?" Mwenzangu anainama, anatazama kutoka kwenye kitako cha askari wake, anakubali au anasema kiwiko bado kinaonekana, nami narekebisha. Zamu yake ikifika hakuna ubishi. Vilevile dadu iliyoegemea ukuta hurushwa upya, na hilo tunalikubali kabla ya mchezo. Na kijisanamu cha mtu hakishikwi bila kuomba ruhusa. Unapokishika, shika kitako. Saa zilizolala juu ya kile kijiso ni za mwenyewe.

Kilichonifunga zaidi kwenye sanaa hii ni vita vya mfululizo, ambapo matokeo ya mchezo mmoja yanaingia katika unaofuata. Askari aliyenusurika hupata ujuzi, aliyejeruhiwa hubeba jeraha. Mimi huyarudisha hayo kwenye kijisanamu chenyewe. Mhandisi wangu aliyepoteza mkono katika uvamizi wa kituo cha maji nilimkata mkono ule wa plastiki na kumchongea wa mashine kwa udongo wa epoksi, ule wa sehemu mbili unaokandwa pamoja, na chuma chake nikakiacha kipya bila kutu, kwa kuwa ndiyo kwanza amefungwa. Mlenga shabaha aliyeangusha roboti peke yake ana mstari mweupe kwenye mtutu. Kifaru kilichotobolewa kina bamba la rangi ya jeshi lingine limechomelewa juu ya tundu, kwa sababu vipuri walivyopata ni vya adui. Wachezaji wenzangu wanazijua alama hizo na wanaulizia zinapoongezeka. Sasa hivi kuna rubani mezani kwangu anayesubiri kupata nembo mpya kwenye bawa, na sitaichora mpaka mchezo ujao uamue kama ni yake au ni ya aliyemwangusha.